Aliyesuka Mota ya Tano

Watu wakianza kumsifu yule mama mbele yangu, mimi huanza kutafuta simu mfukoni. Najifanya nimepigiwa. Nimefanya hivyo harusini, nimefanya kwenye kikao cha wazazi, na mara moja nilimfanyia mchungaji wangu mwenyewe kabla hajamaliza sentensi. Si kwamba wanasema uongo. Wangekuwa wanasema uongo ningekaa nisikilize vizuri, hata nikaongeza chai. Shida ni kwamba yote ni kweli.

Alikuwa fundi wa kusuka mota. Kibanda chake kilikuwa Makina, huko Kibera, upande wa Wanubi, chenye mlango wa mabati ya bluu, na mbele yake rundo la mota zilizoungua: za posho mili za kusaga unga, za pampu za maji, za misumeno ya mbao. Mota ikiungua, waya wa shaba ulio ndani hugeuka mweusi. Yeye aliutoa wote, akasuka mpya zamu kwa zamu, akaupaka vanishi, akaukausha kwenye jiko, na mota ikaamka. Vijana walimwita Haboba, yaani nyanya kwa Kinubi. Mimi nilimwita Fundi. Walidhani ni heshima. Ukweli ni kwamba sikutaka awe nyanya yangu, maana nyanya huwezi kushindana naye.

Mimi natengeneza simu Kawangware, karibu na soko. Wateja huniita Injinia, na sijawahi kuwasahihisha ingawa nilitoka chuoni kabla ya kumaliza. Kwa miaka mingi jina hilo lilinitosha.

Wazo la droni lilikuwa langu. Nalisema mapema kwa sababu watu wana tabia ya kusahau. Mwaka ule mvua ilinyesha vibaya, maji yakapanda, na kule Silanga, karibu na bwawa, watu walikaa juu ya mapaa ya mabati kutwa nzima huku sisi tukiwa ng'ambo na kamba mkononi. Nilirusha kamba mpaka bega likafa ganzi. Haikufika hata mara moja. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba kamba ile ingepaa, ingefika.

Nikamwita Wafula, fundi wa kuchomelea vyuma, jirani yangu Kawangware. Nikamwita Achieng wa Gatwekera, aliyesomea kompyuta na kupata kibali cha kurusha droni. Nikawachorea mashine ya mikono minane, kila mkono na mota yake na propela yake, upana wa kitanda cha sita kwa sita, ya kubeba kilo ishirini za kamba na maboya. Wafula alipoona mchoro alisema hiyo si droni, hiyo ni meza. Basi tukaiita Meza.

Kisha nikaunguza mota tatu. Nilizifunga propela kubwa kuliko uwezo wake kwa sababu nilitaka kuona Meza ikiinuka kabla ya wiki kuisha. Zilitoa moshi moja baada ya nyingine, na mpya hazikupatikana karibu.

"Niaje, Injinia," Wafula alisema, akikaza midomo asicheke. "Kuna mathe huko Makina anasuka mota za posho mili."

"Hizi si za kusaga unga, Wafula."

"Kwani waya ni waya gani? Si ni shaba?"

Tulimpata amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, kikombe cha chai kando. Alipokea mota yangu, kitu bapa kinachoenea kiganjani, akainusa.

"Nani amemchoma huyu?" aliuliza, kama anayeulizia mtoto.

Wafula akaninyooshea kidole. Mama akanitazama.

"Ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Nilimchukia kidogo hapo hapo. Baada ya siku mbili mota ilikuwa tayari, na ilizunguka bila kupata joto kama zile nilizonunua. Achieng alipiga makofi. Achieng nimefanya naye kazi muda mrefu, na makofi yake mimi sijawahi kuyapata. Kufikia mwisho wa mwezi Fundi alikuwa amezifungua mota zote nane na kuzisuka upya, hata zile ambazo hazikuungua, akisema aliyezisuka kiwandani alikuwa anawaza chakula cha mchana.

Mikono yake ndiyo iliyoniumiza roho kuliko kitu kingine. Ilikuwa minene, kucha zimekatwa fupi, kidole cha shahada cha kulia kimepinda. Ungeiona sokoni ungedhani ni ya kuchambua maharagwe. Lakini ikishika waya mwembamba ilikuwa haigusi mara mbili. Alijifunzia kwenye tabaga, zile sinia za ukindu za rangi rangi ambazo wanawake wa Kinubi hufunikia chakula. "Shaba ni ukindu wenye kiburi," alikuwa anasema. "Mwache kiburi chake, mfuate polepole, atalala mwenyewe."

Hesabu hakuandika popote. Kila aina ya mota ilikuwa na uzi wake ukutani, na kila uzi na mafundo yake: fundo dogo zamu moja, fundo kubwa zamu kumi. Wenye posho mili walileta mota za miaka mingi nyuma, naye anainua mkono, anashusha uzi, anapapasa, anaanza. Siku moja alipoenda kuswali nilizipiga picha zile nyuzi zote. Jumapili tatu mfululizo nilijifungia nyumbani nikijaribu kusuka mota moja. Ilitoka kama kichwa cha mtoto aliyekataa kusukwa. Niliificha chini ya kitanda, mke wangu akaikuta, akauliza ni nini. Nikamwambia ni kitu cha kazi. Kwa kweli kilikuwa cha wivu tu, na wivu wa mtu mzima ni kitu cha aibu, unauficha chini ya kitanda.

Msidhani alikuwa malaika. Aliwakataza watu kusengenya, lakini ukitaka kujua nani ameoa mke wa pili Makina nzima, ulikuwa unamwendea yeye. Daktari alimkataza sukari, naye akapunguza vijiko kutoka sita hadi vinne, akatangaza kwamba ameacha. Waya ukikatika alitukana tusi zito, akasema astaghfirullah, akatafuta ncha ya waya, akaikosa, akatukana tena. Aliogopa urefu vibaya sana. Mwanawe alihamia ghorofa ya tatu, na yeye akawa anamwamkia kutoka barabarani. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa anatusukia mota za kupaa.

Kufundisha alifundisha yeyote aliyekuja, ila hakuwa anaeleza. Alisema tu, "Angalia." Ukimuuliza kwa nini, alirudia, "Angalia." Mimi nilikuwa nataka maneno. Siku moja nilikata waya mara ya nne nikautupa chini.

"Waya haupendi hasira, Mutua," alisema bila kuinua kichwa. "Nenda uzunguke msikiti, urudi."

"Mimi ni Mkristo, Fundi."

"Basi zunguka kanisa lenu. Ni mbali zaidi, hasira itaisha."

Wafula alicheka mpaka akaketi. Mimi nilienda, tena nilizunguka, na niliporudi waya haukukatika tena. Hilo pia sikumsamehe.

Kitu kingine kilikuwa joto. Mota ikishazunguka dakika kumi, aliizima na kuigusisha ndani ya kifundo cha mkono wake, pale mama anapopimia uji wa mtoto. Akinyamaza, mota ni nzima. Akikunja uso, mota inafunguliwa. Achieng alileta kifaa cha kupima joto, na kifaa kikapingana na mkono. Tulipokichunguza tukakuta betri yake imekufa. "Mkono haudanganyi," Fundi akasema, na sisi wote watatu, watu wenye simu na vyeti na nusu vyeti, tukakirudisha kifaa kwenye boksi na hakuna aliyenunua betri mpya. Sasa nikikumbuka nashangaa. Mashine ya kilo hizo, juu ya vichwa vya watu, na kipimo chetu cha joto ni ngozi ya mama mmoja.

Kulikuwa na shirika lililosikia habari zetu. Walitaka kuona Meza ikibeba mzigo pale Silanga, na ikifaulu wangetujengea karakana na kuchagua kiongozi wa kuiendesha. Mgeni wao alikuja kwanza kupiga picha. Nilivaa shati safi nikasimama kando ya Meza. Akaniambia, "Samahani, Injinia, sogea kidogo, tumpate mama vizuri." Nikasogea. Akasema, "Kidogo tena." Nilisogea mpaka nikawa nimetoka nje ya mlango.

Jioni hiyo Achieng aliuliza nani anafaa kuongoza karakana. Nilikuwa nimekaa pale pale, nafunga mkanda wa betri.

"Si ni Haboba tu," Wafula akasema, kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Hakuna aliyenitazama. Hawakuwa na nia mbaya, na hapo ndipo palipouma. Wazo langu, mchoro wangu, bega langu lililokufa ganzi siku ya mafuriko, vyote vilikuwa vimehamia Makina bila mtu kuniaga.

Siku mbili kabla ya maonyesho, vanishi ya moto ilimmwagikia Fundi mikono yote miwili, kuanzia vidoleni hadi juu ya vifundo. Kliniki walimfunga bandeji nyeupe, akawa hawezi kushika hata kikombe. Mota zote zilikuwa zimeshasukwa, lakini ya tano ilikuwa imekaushwa harakaharaka kwa sababu ya mvua na makaa yaliyolowa, na alitaka kuhakikisha. Tulikuwa wawili tu kibandani. Aliniambia niizungushe dakika kumi. Nikaizungusha, nikaizima. Akanyoosha mkono, akaona bandeji, akaurudisha.

"Nishikie wewe," alisema. "Weka hapa, ndani. Ina joto?"

Niliiweka. Ilinichoma. Si kidogo, ilinichoma mpaka machozi yakaja karibu, na ikaacha alama nyekundu niliyoifunika kwa mkono wa shati. Yeye alikuwa ananitazama usoni, akingoja. Na mimi nikawaza: ikiharibika mbele ya wageni, wataona na yeye ni mtu.

"Iko sawa, Fundi," nikasema.

"Sawa sawa?"

"Baridi kabisa."

Akaitikia kwa kichwa, akasema alhamdulillahi, akaniomba nimnyweshe chai. Nilimshikia kikombe akanywa. Hiyo chai naikumbuka kuliko mambo mengi ya maisha yangu.

Sikutaka mtu aumie. Nilijiambia mikono ni minane, mmoja ukifa saba itashusha mzigo taratibu, Achieng ni hodari, itakuwa aibu ndogo tu na mambo yataisha. Usiku mtu ana hoja nyingi. Ningeweza kurudi Makina asubuhi nikamwambia. Nilipita karibu na njia panda ya kwenda kwake, na sikukata kona.

Siku ya maonyesho kulikuwa na wageni kwenye viti vya plastiki, wakulima wa bustani za kando ya bwawa, akina mama wa mboga na makaa, na watoto wasiohesabika. Achieng aliinua Meza na gunia la kamba na maboya. Watu wakainua nyuso zote kwa pamoja. Fundi hakuangalia, hakuwahi kuangalia, kwa ile hofu yake ya urefu. Aliipa mashine mgongo, akatugeukia sisi, akawa anasikiliza sauti tu, bandeji zake amezikunja kifuani.

Ilipofika juu ya bustani, sauti ilibadilika. Yeye aliisikia kabla ya Achieng, nikauona uso wake ukikaza. Kisha moshi mweusi kwenye mkono wa tano. Lakini moto haukuishia pale. Uliramba nyaya za mkono wa jirani, mota ya sita ikazima pia, na Meza ikalala upande. Achieng aliipeleka mbali na watu kwa nguvu zake zote. Ikaanguka katikati ya sukuma wiki, hatua tatu tu kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa ameinama anachuma, hana habari. Mama yule alikaa chini kwenye tope, mboga bado mkononi. Hatua tatu. Zile hoja zangu zote za usiku hazikuwa na hesabu hiyo.

Wageni wakaanza kunong'ona. Fundi akapita mbele yao polepole.

"Mota ya tano imeungua," alisema. "Nimeisuka mimi. Kosa ni langu, msiwalaumu hawa."

Nilingoja aongeze kwamba Mutua aliishika. Hakuongeza. Alimwendea yule mama wa mboga, akakaa naye kwenye tope, wakakaa pale mpaka watu wakatawanyika.

Shirika lilitujengea karakana hata hivyo, Kawangware, kwa masharti kwamba mota ziwe mpya na kiongozi awe mtu wa kuaminika. Wakanichagua mimi. Nina shati lenye neno Injinia kifuani, limeshonwa kwa uzi. Fundi hakuitwa tena. Habari zilifika kwa wenye posho mili, kwamba mota ya mama wa Makina iliungua hewani nusura iue mtu, na mmoja mmoja wakahamisha kazi zao. Nilisikia, na nitasema ukweli, mwanzoni nilifurahi. Furaha ilidumu kama wiki mbili. Baadaye nikawa kiongozi wa watu ambao kila wakikwama wanaulizana, "Haboba angefanyaje?" Nilikuwa nimepata kiti chake, na bado yeye ndiye waliyemtaka akikalie.

Mwezi uliopita nilienda Makina. Sijui niseme nilienda kwa nini. Labda nilichoka kutafuta simu mfukoni. Mlango wa bluu ulikuwa wazi. Rundo la mota halikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anasuka tabaga ya kuuza, na mikono ilikuwa imepona vibaya, ngozi imevutana, lakini ukindu ulikuwa unamtii. Hata hapo niliona wivu. Sijui nilitengenezwa kwa kitu gani.

"Salaam aleikum, Fundi."

"Aleikum salaam. Mutua." Hakushtuka. "Keti. Chai sina, sukari imeisha."

Nikaketi. Tuliongea juu ya mvua, juu ya Achieng, juu ya mwanawe ambaye sasa amehamia ghorofa ya tano, yaani wanaamkiana kwa simu. Kisha nikasema kwa haraka, macho chini, kwamba siku ile mota ilikuwa na joto, kwamba nilijua, kwamba nilimwambia uongo.

Aliendelea kusuka mpaka mwisho wa mstari.

"Najua," alisema.

"Ulijua lini?"

"Siku ya kuanguka. Mimi nilikuwa nimeipa mgongo, nawaangalia ninyi. Watu wote walikuwa wanaangalia juu, hata watoto. Wewe ulikuwa unaniangalia mimi."

Nikavuta mkono wa shati hadi kiganjani.

"Kwa nini hukuwaambia?" niliuliza.

"Ningewaambia nini? Kwamba kuna mtu nilimwamini?" Akageuza tabaga, akachagua ukindu mwekundu. "Na mota nimeisuka mimi, hiyo si uongo. Ilikuwa mbaya. Ungeniambia, ningekuelekeza uifungue. Kazi ya asubuhi moja."

Nikamwambia arudi karakana, nitaongea na shirika, atafanya apendavyo. Akacheka kidogo, bila furaha.

"Sikuombi kazi, Mutua. Wenye posho mili wanajua mota yangu iliungua. Hawajui kuna mtu aliishika akasema ni baridi. Mimi sitawaambia. Nikisema mimi, ni kisingizio cha mzee." Akanitazama, mara ya kwanza tangu nifike. "Sasa nenda. Jua linanitosha mpaka alasiri, nataka kumaliza hii."

Nilitembea kutoka Makina hadi Kawangware kwa miguu. Njiani nilibadilisha nia mara nyingi. Nilifika kwa Wafula nikamkuta ameinamia chuma, miwani usoni, grainda inalia, cheche zinaruka. Na mwenye posho mili ya mtaa wetu alikuwa pale, anangoja mlango wake uchomelewe. Nikasema yote nikiwa nimesimama nyuma yao, mbio mbio: mota ya tano, joto, mkono wangu, uongo wangu. Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, nikijua grainda inalia.

Wafula akahisi kuna mtu, akageuka. Akazima grainda, akainua miwani.

"Niaje, Injinia. Ulikuwa unasema?"

Mwenye posho mili naye akageuka. Kimya kilikuwa kikubwa, na simu ilikuwa mfukoni.

Nikarudia.